Le Roy wangu alikuwa wapi?

Kocha Mfaransa Hervé Renard hajawahi kufundisha timu yoyote ya Kongo, lakini hapa Lubumbashi watu humzungumzia kama mpangaji aliyehama mtaani bila kuaga. Kila mtu ana neno lake juu yake. Jiografia imechangia. Ukishika barabara ya Kasumbalesa, malori yakikuhurumia, saa chache tu uko mpakani. Ukivuka, mji wa kwanza wa maana ni Chililabombwe, na pale kuna uwanja wa Konkola. Zambia ya Renard ilicheza pale mechi zake za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia la 2010. Algeria walikuja Juni 2009 wakashinda 2-0, Misri wakaja Oktoba wakashinda 1-0. Kwa sisi wa huku, uwanja ule uko karibu kuliko Kolwezi, achilia mbali Kinshasa ambako mtu wa kawaida haendi bila kuuza kitu. Kibemba kinasikika pande zote mbili za mpaka, na wajomba na mashangazi wametapakaa huku na kule. Mkongo wa hapa anaweza kuishangilia Zambia Jumamosi na kuitukana Jumapili, na hakuna atakayemshangaa.

Halafu kuna Mazembe, klabu kubwa ya hapa mjini. Mimi ni wa Lupopo, mahasimu wao, tena wa kurithi, babu yangu alikuwa wa reli, kwa hiyo msinitegemee niwasifie Mazembe bure. Lakini ukweli haufichiki: Stoppila Sunzu na Rainford Kalaba, wawili kati ya nguzo za Zambia ya Renard, walikuwa wachezaji wa Mazembe. Tuliwaona kwenye uwanja wao wa Kamalondo wiki baada ya wiki. Tulijua Kalaba akishika mpira pembeni ataingia ndani, na tulijua hata beki wa Lupopo anajua, na bado haikusaidia.

Ila leo sitaki kuandika kuhusu Kalaba. Nataka kuandika kuhusu mapipa ya takataka.

Habari ya Renard na mapipa imeshazunguka sana, mtu akitaka kuwatia moyo vijana huianzia hapo. Alizaliwa Aix-les-Bains mwaka 1968, akakulia kimpira katika klabu ya Cannes, beki wa kati mrefu asiye na makeke. Cannes ile ndiyo iliyomtoa Zinedine Zidane, aliyeanza kucheza ligi kuu pale mwaka 1989. Zidane akapanda, Renard akateremka. Akaenda Vallauris, mji mdogo jirani wa Cannes, akacheza huko miaka mingi, kisha Draguignan, na mwaka 1998 mwili ukasema basi. Mpira wa madaraja yale haulipi kodi ya nyumba. Akafanya kazi ya usafi: kuamka saa nane na nusu usiku, kufagia maofisi, kusukuma mapipa ya majengo hadi barabarani kabla gari la taka halijapita, na jioni uwanjani. Baadaye akawa na kampuni yake mwenyewe ya usafi. Amelisimulia hilo mwenyewe mara nyingi na hana aibu nalo.

Wasimulizi wetu huishia hapo na kuruka moja kwa moja hadi kombe: aliamka mapema, alivumilia, akafaulu, nawe vumilia. Mimi nakaa mji ambao watu wanaoamka saa nane na nusu usiku hawahesabiki. Kuna wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa, kilomita kwa kilomita kuja kuuza mjini. Kuna akina mama wanaowahi soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, kabla jua halijatoka. Kama kuamka mapema ndiyo siri, mtaa wote wa Katuba ungekuwa na kombe la Afrika.

Sehemu inayorukwa ni hii. Mwaka 2002 Renard alikuwa kocha wa zamani wa Draguignan, timu aliyoipandisha daraja lakini ambayo ukiwa nje ya mkoa ule huijui. Claude Le Roy akamchukua awe msaidizi wake China, katika klabu ya Shanghai Cosco. Le Roy hakuwa mtu wa kubahatisha. Na yeye alikuwa mchezaji wa kuzunguka, Rouen, Ajaccio, Avignon, Laval, jina ambalo hakuna aliyelibandika ukutani, kisha akawa kocha aliyeipa Cameroon kombe la Afrika mwaka 1988. Inaelekea alijiona ndani ya yule kijana wa mapipa. Akamchukua. Mlango ukafunguka, na kilichofuata chote kilipitia mlango ule.

Na kilichofuata mwanzoni kilikuwa kibaya, hilo pia hulisikii. Baada ya China, wawili hao wakaenda Cambridge United, Uingereza, daraja la nne. Renard akaachiwa timu mwaka 2004, na kabla mwaka haujaisha akafungashiwa virago, timu ikiwa mkiani. Akaenda Nam Dinh, Vietnam, hakukaa. Akarudi Ufaransa kufundisha Cherbourg, daraja la tatu. Ukiusoma wasifu ule hadi mwaka 2007 bila kujua mwisho wake, ungesema huyu ni mtu aliyejaribu, hakuweza, arudi kwenye kampuni yake ya usafi. Nani Kongo hii angempa kazi kocha mzalendo mwenye wasifu kama ule?

Le Roy alimpa. Alipokuwa kocha wa Ghana katika AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2008, ile iliyochezwa Ghana kwenyewe, akamwita tena kuwa msaidizi. Ghana wakamaliza wa tatu. Miezi michache baadaye Zambia wakamchukua Renard awe kocha mkuu, mtu wa miaka 39 asiye na taji hata moja.

Kuna papa mmoja Katuba, jirani yetu wa zamani, ambaye nimekuwa nikibishana naye kuhusu jambo hili kwa miaka. Sitamtaja, hapendi. Alicheza mpira miaka ya themanini katika timu za kampuni: Likasi, Kipushi, Kolwezi, popote penye mgodi palipokuwa na timu, na popote penye timu palipokuwa na chumba na kazi ya karakana. Mchezaji alikuwa na jezi na kadi ya kiwanda. Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ilipoanguka, kadi zikaanguka nazo, na timu zikafuata. Papa sasa ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji. Asubuhi anarudi, anakunywa chai, analala kidogo, na saa kumi za jioni yuko kwenye uwanja wa vumbi jekundu na watoto wasiopungua thelathini na mpira mmoja. Hawalipi kitu. Baadhi yao wamefika hadi timu za vijana za klabu kubwa za hapa. Mafunzo yake niliyaangalia kwa macho yangu: anawafanya mabeki wacheze bila kukimbia, wakitembea tu, dakika nyingi, ili wajifunze kusimama mahali panapofaa. Mtoto akikimbia anatolewa nje.

Siku moja nilimsimulia habari za mapipa ya Renard. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. “Mwanangu, miye nilichezaka mupira kuliko ule muzungu. Na usiku ninalala macho wazi mpaka leo. Lakini Le Roy wangu alikuwa wapi?”

Niliwahi kumjibu kwamba Le Roy alikuwa Kinshasa. Na ni kweli. Claude Le Roy alifundisha timu yetu ya taifa mara mbili. Mara ya kwanza alitufikisha robo fainali ya AFCON 2006, tukapigwa na Misri 4-1. Mara ya pili, AFCON 2013 kule Afrika Kusini, tulitoka sare mechi zote tatu, na ile ya Ghana tulirudisha mabao mawili. Msaidizi wake wakati ule alikuwa Mfaransa mwenzake, Sébastien Migné. Leo Migné mnamjua: aliipeleka Kenya AFCON 2019, kisha akaipeleka Haiti Kombe la Dunia la 2026. Kocha mzuri, sina ubishi. Lakini tazama jinsi mlango unavyofunguka. Le Roy akiwa China anamfungulia Mfaransa, akiwa Kongo anamfungulia Mfaransa. Simlaumu, mtu huchukua msaidizi anayemwelewa, tena wa lugha yake. Ningekuwa mimi, ningemchukua papa wa Katuba. Swali ni kwamba sisi wenyewe, tuliokuwa tunalipa mshahara, hatukuweka mtu wetu mlangoni.

Turudi Zambia, maana pale ndipo Renard alipoonyesha mlango ule ulistahili kufunguliwa.

Katika kipindi chake cha kwanza alikwenda CHAN ya 2009 kule Ivory Coast, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Zambia wakamaliza wa tatu, na waliowatoa nusu fainali tulikuwa sisi, tukiwa na Santos Muntubile kwenye benchi na Trésor Mputu wa Mazembe uwanjani, aliyechaguliwa mchezaji bora. Tukachukua kombe. Hivyo hata kabla hajajulikana, Renard alishaonja mkono wa Mkongo. Mwaka uliofuata akaifikisha Zambia robo fainali ya AFCON, wakatolewa na Nigeria kwa penalti, kisha akaondoka kwenda Angola. Huko alikaa miezi tu. Akapita Algeria, USM Alger. Tena ule mtindo wa kuzunguka, mkoba mkononi.

Oktoba 2011 Zambia walikuwa wamefuzu AFCON na Dario Bonetti, Mwitaliano, na wakamfukuza. Rais wa shirikisho lao, Kalusha Bwalya, akamrudisha Renard. Wazambia wengi walinung'unika: huyu si ndiye aliyetukimbia? Kalusha hakusikiliza. Huo ulikuwa mlango wa pili, na aliyeufungua alikuwa Mwafrika.

Kalusha alikuwa na deni lake mwenyewe na Gabon. Aprili 1993 ndege iliyokuwa imebeba timu ya Zambia kwenda Senegal ilianguka baharini mara baada ya kuruka kutoka Libreville, ikaua wote 30 waliokuwemo, 18 kati yao wachezaji. Kalusha alikuwa Uholanzi, akicheza PSV, hakuwa ndani. AFCON 2012 iliandaliwa na Gabon na Equatorial Guinea, na Zambia wangecheza Libreville kwa sharti moja tu: wafike fainali. Mechi zao zote kabla ya hapo zilikuwa upande wa pili, Bata na Malabo. Wakawafunga Senegal 2-1. Wakawafunga Sudan 3-0. Nusu fainali Asamoah Gyan wa Ghana akakosa penalti, Emmanuel Mayuka akaingia akitokea benchi na kufunga bao moja, likatosha. Wakapanda ndege kwenda Libreville, wakaenda ufukweni kuweka maua.

Kikosi kile ukikitazama kwenye karatasi, hakitishi. Nahodha Christopher Katongo alikuwa akicheza China. Mayuka alikuwa Uswisi. Kipa Kennedy Mweene alikuwa Free State Stars ya Afrika Kusini. Wetu walikuwa Sunzu na Kalaba. Upande wa pili Ivory Coast walikuwa na Drogba, Yaya Touré, Kolo Touré, Gervinho, na walikuwa hawajafungwa bao hata moja mashindano yote. Beki wa kushoto wa Zambia, Joseph Musonda, akaumia mapema kabisa, akatoka analia.

Niliitazama fainali ile kwenye nganda moja, baa yetu ya mtaa wa Bel-Air, jenereta ikinguruma nje, viti vikiwa vimekwisha tangu mchana. Drogba alipopaisha penalti kipindi cha pili, kelele zilizopigwa zilifanya majirani watoke nje. Hadi mwisho 0-0. Zikaja penalti. Hata kipa Mweene alipiga yake na kufunga. Kila Mzambia aliyesubiri zamu alikuwa akiimba, wenzake wamepiga magoti wameshikana mikono. Mweene akapangua ya Kolo Touré, na Kalaba akaenda kumaliza kazi. Akapaisha. Kalaba wetu! Pale nganda, watu wa Mazembe walishika vichwa, na nakiri watu wa Lupopo kadhaa walianza kucheka, ndivyo tulivyo. Halafu Gervinho akakosa. Halafu akaenda Sunzu, beki, taratibu, akauweka wavuni. 8-7. Wa Mazembe alikosa, wa Mazembe akafunga, na usiku ule hapakuwa na Lupopo wala Mazembe.

Jambo ambalo watu wengi hulikumbuka baada ya hapo ni Renard kumbeba Musonda mikononi, mtu mzima na mguu wake mbovu, kumpeleka kwa wenzake waliokuwa wanasherehekea upande mwingine wa uwanja. Wengine wanasema ni maigizo ya kamera. Yule bwana na shati lake jeupe la bahati anaijua kamera, siwezi kukana. Mimi naona kitu kingine. Nyota mkubwa aliyegeuka kocha mara nyingi hukumbuka mfungaji. Mtu aliyecheza Vallauris, uwanja mtupu, aliyetolewa kwa jeraha bila yeyote kuuliza anaitwa nani, ndiye anayemkumbuka aliyetoka mapema. Hilo huwezi kulifundishwa kwenye kozi ya leseni.

Ushahidi mwingine ulikuja miaka kumi baadaye Qatar, akiwa na Saudi Arabia. Kwenye mapumziko walikuwa nyuma 1-0 mbele ya Argentina ambayo haikuwa imefungwa mechi 36. Video ya chumba cha kubadilishia nguo mmeiona: anawafokea wachezaji wake akiwauliza kama wanataka kuchukua simu wakapige picha na Messi. Wakarudi, wakafunga mawili. Mtu aliyezoea kuwaangalia wakubwa akiwa chini ndiye anayejua hatari ya kuwaangalia sana.

Sasa, upande wa pili wa hesabu, kuna kocha Mkongo, Florent Ibenge. Watu wa hapa wana uzito naye kwa sababu jina lake limefungamana na Vita Club ya Kinshasa. Tuliweke hilo kando kwa dakika tano. Ibenge alizaliwa Kongo mwaka 1961, akacheza Ulaya katika madaraja ya chini, akafundisha Douai kaskazini mwa Ufaransa, mji ambao hata Wafaransa wengi hawajaukanyaga. Na cha kushangaza, na yeye alipitia Shanghai: mwaka 2012 alikuwa Shanghai Shenhua, akashika timu kwa muda alipoondoka Jean Tigana. Renard na Ibenge ni watu wa njia moja. Wamecheza bila jina, wamefundisha wasiojulikana, wamepita China, wamerudi Afrika.

Wakakutana. Oktoba 2014, kufuzu AFCON, Ibenge akiwa kocha wa timu yetu ya taifa, Renard akiwa sasa na Ivory Coast: Kinshasa tukafungwa 2-1, siku nne baadaye Abidjan tukashinda 4-3. Ushindi ule wa Abidjan ulikuwa wazimu, mtu hakai akaueleza. Februari 2015, nusu fainali kule Bata, tukafungwa 3-1. Mbokani alisawazisha kwa penalti, lakini Gervinho na Kanon wakamaliza. Renard akaenda kubeba kombe lake la pili, 9-8 kwa penalti dhidi ya Ghana, kipa Barry akifunga ya mwisho, na akawa kocha wa kwanza kuchukua AFCON na nchi mbili tofauti. Sisi tukapata nafasi ya tatu. Januari 2017, Oyem, Renard akiwa na Morocco: Kabananga akafunga, tukabaki kumi uwanjani, tukashinda 1-0. Jumla, mbili kwa mbili. Uwanjani hakuna aliyemzidi mwenzake.

Nje ya uwanja ndiko kuna tofauti. Baada ya kombe la Zambia, Renard alipewa Sochaux ya ligi kuu ya Ufaransa, wakashuka daraja. Baada ya kombe la Ivory Coast akapewa Lille, mechi kumi na tatu wakamtoa. Halafu Morocco hadi Kombe la Dunia 2018, Saudi Arabia, timu ya wanawake ya Ufaransa, Saudi Arabia tena. Kila akianguka kuna kitanda. Ibenge alifika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika na Vita Club mwaka 2014, akachukua CHAN ya 2016 na Kongo kule Kigali, akachukua Kombe la Shirikisho la Afrika na Berkane ya Morocco mwaka 2022, kisha akaenda Al Hilal ya Omdurman, ambako vita vya Sudan viliifukuza klabu nyumbani kwake hadi ikawa inacheza ligi ya Mauritania kama mgeni. Mwaka 2025 akaenda Azam, Dar es Salaam. Kazi za heshima zote. Lakini Ulaya, ambako aliishi na kusomea kazi, haikumpigia simu kama ilivyompigia Renard.

Papa wa Katuba hapendi nikifika hapa, anasema natafuta visingizio. Na hoja yake ina nguvu: nyumbani kwetu wenyewe tunafanyaje? Tazama benchi la Mazembe miaka ya neema chini ya Moïse Katumbi. Mwaka 2009 kombe la klabu bingwa Afrika lilikuja na Diego Garzitto. Mwaka 2010 na Lamine N'Diaye, Msenegali, aliyetufikisha fainali ya klabu bingwa ya dunia kule Abu Dhabi baada ya kuwapiga Internacional 2-0 (nimesema “aliyetufikisha”, watu wa Lupopo mnisamehe). Mwaka 2015 na Patrice Carteron, mfano mwingine mtupu wa mchezaji wa kuzunguka: Lyon, Saint-Étienne, na miezi michache Sunderland, ambako alifunga katika mechi ya mahasimu dhidi ya Newcastle na hadi leo wanamkumbuka kwa hilo tu. Wote hao walikuja na barua zao kutoka kwingine.

Lakini mwaka 2017 aliyechukua Kombe la Shirikisho na Mazembe alikuwa Pamphile Mihayo. Kiungo wa zamani wa klabu ileile, mmoja wa kizazi cha Abu Dhabi. Hakutokea Shanghai wala Douai. Alikuwa pale pale Kamalondo, akapewa timu, akashinda SuperSport United ya Afrika Kusini 2-1 hapa na 0-0 kwao. Haikuhitaji muujiza, ilihitaji mtu mmoja aliyesema “chukua wewe.” Tangu siku ile nimeacha kukubali nikiambiwa makocha wetu hawako tayari.

Papa hana leseni. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ina ngazi zake, D, C, B, A na Pro, na bila A au inayolingana nayo huwezi kuwa kocha mkuu katika mashindano yake ya klabu. Kozi zinataka ada, zinataka jina lako lipelekwe na chama, zinataka siku nyingi mbali na ghala la saruji. Vijana wake wawili walimchangia aanze. Alikwenda, akakuta orodha imefungwa, akaambiwa asubiri nyingine. Anasubiri, na jioni yuko uwanjani.

Januari 2024, kwenye AFCON ya Ivory Coast, wenyeji walifungwa 4-0 na Equatorial Guinea, wakamtimua kocha wao Jean-Louis Gasset katikati ya mashindano, wakiwa hawajui hata kama wamevuka kundi. Waliokolewa na Morocco walipowafunga jirani zetu Zambia. Shirikisho lao likapata wazo: tumwazime Renard. Wakati huo alikuwa na timu ya wanawake ya Ufaransa, na Wafaransa wakakataa kumwachia. Ndipo timu ikabaki kwa msaidizi, Emerse Faé, mtoto wa Nantes aliyeacha kucheza na miaka 28 kwa ugonjwa wa mishipa, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya taifa ya wakubwa. Akawatoa Senegal. Akawatoa Mali. Nusu fainali akatutoa sisi, 1-0, bao la Haller, usiku ambao sitaki kuueleza. Halafu akawafunga Nigeria na kubeba kombe.

Nilimpelekea papa habari hiyo asubuhi yake, kabla hajalala. Alikuwa bado na koti la ulinzi.

“Kwa hiyo Wafaransa walikataa?” akauliza.

“Walikataa, papa.”

“Basi wangekataaka tangu zamani.”